Nobel ya otofajia haikuwa ya kufunga

Bila shaka umeshaisikia: Mjapani mmoja alipewa Nobel kwa kuthibitisha kwamba ukifunga kwa saa 72 mwili unajisafisha kwa otofajia, yaani seli kujila yenyewe. Nobel ipo, ya mwaka 2016, na Mjapani yupo, Yoshinori Ohsumi. Ila hakumnyima mtu yeyote chakula. Alichunguza hamira.

Ndani ya seli ya hamira mna kifuko kiitwacho vakuoli, kinachosaga mabaki ya seli. Usagaji huo ni wa haraka mno kuonekana, kwa hiyo Ohsumi alichukua hamira iliyopungukiwa vimeng'enya vya kusagia, akaishindisha njaa. Saa chache tu baadaye, chini ya hadubini, vakuoli ilikuwa imejaa vijipovu ambavyo havijasagwa. Kisha akasaka jeni zinazoendesha kazi hiyo ya otofajia.

Wala otofajia haingoji saa ya 72. Katika seli zako inaendelea hata sasa, umeshiba hujashiba. Njaa huichochea tu. Kuipima kwa mtu aliye hai ni kazi ngumu. Zile ratiba za kufunga za saa kwa saa zinazosambazwa mitandaoni (nyingine zimepakwa hadi rangi!) hazikutoka kwenye hamira ya Ohsumi.