Wanamuziki wa Ulaya karne ya 18: yanayosemwa na yaliyokuwapo

Wapenzi wa muziki wa Haydn, Mozart na Bach husimulia mambo mawili yasiyopatana: ama watunzi hawa walikuwa nyota waliotukuzwa na wafalme, ama mafukara waliokufa bila kujulikana. Simulizi zote mbili zinawanyima haki yao. Wengi wao walikuwa waajiriwa, na heshima waliyopewa ilitegemea zaidi bwana waliyemtumikia kuliko kipaji walichokuwa nacho.

Dhana: Mwanamuziki hodari alikula meza moja na wakubwa.

Alikula, ila na watumishi. Mwaka 1781 Mozart alikuwa mpiga ogani wa Askofu Mkuu Colloredo wa Salzburg, na alikuwa ameitwa amfuate Vienna. Machi 17 alimwandikia baba yake jinsi walivyopangwa wakati wa chakula: watumishi wawili wa chumbani kwa askofu walikaa mwanzo wa meza, naye angalau alikuwa na heshima ya kukaa juu ya wapishi. Huyu alikuwa amekwisha kupiga kinanda mbele ya wafalme wa Ufaransa na Uingereza tangu utotoni! Alipong'ang'ania kuacha kazi, mwezi Juni ofisa mmoja wa askofu, kabaila Arco, alimtoa mlangoni kwa teke.

Bach yalimkuta makubwa zaidi. Mwaka 1717 alipata kazi kwingine akamshikilia mtawala wa Weimar amruhusu aondoke. Jibu lilikuwa kifungo, kuanzia Novemba 6 hadi Desemba 2. Hakuwa mwizi wala mchochezi. Alitaka kubadilisha mwajiri tu, na bila ridhaa ya bwana hilo lilitosha kumtia ndani.

Dhana: Kuvaa sare ya bwana kulikuwa udhalili mtupu.

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu mkataba wa Haydn na ukoo wa Esterházy, makabaila wakubwa wa Hungaria, unajulikana kifungu kwa kifungu. Ulitiwa saini Mei 1, 1761. Unamtaka aonekane mbele ya wageni katika sare, soksi nyeupe, shati jeupe, nywele zimepakwa poda. Kila siku, asubuhi na mchana, afike kwenye ukumbi wa nje wa bwana kuuliza kama leo muziki unatakiwa. Atunze ala. Anachotunga ni mali ya bwana: asimpe mtu nakala, wala asimtungie mwingine bila ruhusa.

Ukiishia hapo utasema ni utumwa. Lakini mkataba huohuo unamhesabu kuwa ofisa wa nyumba, ngazi iliyo juu ya watumishi wa kawaida, na kumpa gulden 400 (sarafu ya Austria wakati huo) kwa mwaka, zikilipwa kila robo mwaka, pamoja na chakula kwenye meza ya maofisa au nusu gulden kwa siku. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu kijijini Rohrau, na mama yake aliwahi kuwa mpishi katika kasri la makabaila. Yeye mwenyewe, sauti yake ya utotoni ilipovunjika, alitolewa kwenye kwaya ya Vienna akawa anabangaiza kwa kufundisha. Kwa mtu wa asili hiyo, sare ile ilikuwa hatua kubwa ya kupanda. Na masharti yalilegea: mkataba mpya wa 1779 uliondoa kile kifungu cha umiliki, Haydn akaanza kuuza kazi zake kwa wachapishaji. Naona badiliko hilo lina uzito kuliko medali yoyote ambayo angeweza kuvishwa.

Dhana: Mozart alitupwa katika kaburi la mafukara.

La. Alizikwa mwaka 1791 kwa maziko ya daraja la tatu, yaliyogharimu gulden 8 na kreuzer 56 (kreuzer ni sarafu ndogo ya gulden), na gulden 3 za gari la maiti. Ndivyo walivyozikwa watu wengi wa Vienna chini ya kanuni za Kaisari Joseph II. Alikuwa na madeni, ni kweli, lakini tangu 1787 alikuwa pia akipokea mshahara wa kasri la kaisari, gulden 800 kwa mwaka. Mtunzi Gluck, aliyemtangulia katika kazi hiyo, alilipwa 2,000.

Dhana: Wanawake hawakuwamo katika kazi hii.

Walikuwamo, na baadhi walilipwa vinono. Waimbaji Faustina Bordoni na Francesca Cuzzoni waliitikisa opera ya London miaka ya 1720, kila mmoja na kundi lake la mashabiki.

Dhana: Aliyeingia kasri alikuwa salama hadi uzeeni.

Usalama ulidumu kadiri bwana alivyokuwa hai na kupenda muziki. Nikolaus Esterházy, bwana wa Haydn, alifariki Septemba 1790. Mwanawe Anton hakuwa na shauku hiyo, akaivunja okestra karibu yote. Haydn aliachiwa pensheni ya gulden 1,000 kwa mwaka katika wosia, jina lake lilikuwa limeshavuka mipaka, na kufikia Julai 1791 alikuwa Uingereza akitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Oxford. Wenzake wengi, waliokuwa wakivaa sare za bwana huyohuyo na kupiga muziki huohuo, walijikuta hawana kazi.