Kabla hujabadilisha balbu za taa za mbele

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, taa zangu hazimuliki, niweke balbu gani?" Mwenye gari anategemea nimtajie jina moja akanunue. Mimi humuuliza kwanza kioo cha taa kina hali gani, na lini mara ya mwisho mtu alipima umeme unaofika kwenye balbu. Balbu ni sehemu moja tu ya taa, na mara nyingi sana yenye kosa si hiyo.

Chukua balbu ya H4 uitazame kwa karibu. Ndani ya kioo kuna nyuzi mbili. Ulio karibu na ncha umewekewa kijikombe cha bati chini yake, na huo ndio wa dimu, yaani mwanga wa chini. Kijikombe kinazuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya riflekta, ile bakuli ya kung'aa inayorusha mwanga mbele, kwa sababu mwanga unaogonga nusu hiyo ndio unaopanda na kumpiga machoni anayekuja mbele. Uzi wa nyuma hauna kijikombe: huo ni wa fulu, yaani mwanga wa mbali, unaitumia riflekta nzima. Waliotengeneza taa walipiga hesabu za mikunjo yote ya riflekta wakijua uzi utakaa wapi hasa. Usogeze milimita moja tu na mwanga barabarani unavurugika: mahali pengine unazidi, pengine shimo jeusi. Kumbuka hilo, maana karibu kila tatizo la balbu za kisasa linaanzia hapo.

Majina H1, H4, H7, H11, HB3 na mengine si madaraja ya ubora. H7 haiizidi H4 kwa sababu namba yake ni kubwa. Majina hayo yanaeleza umbo la kitako, idadi ya nyuzi na mahali uzi ulipo. H1 ilitoka mwaka 1962, H4 mwaka 1971, na zote mbili bado zinauzwa. Kwa viwango vya kawaida, H4 hutumia wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu, ikitoa lumeni 1650 na 1000. H7 ni wati 55 na lumeni 1500. H11 nayo ni wati 55, lakini lumeni 1350. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka, na kelvini ni rangi yake. Hii ya mwisho ndiyo inayowapoteza watu wengi. Mtu anaona boksi limeandikwa 6000K akadhani ni nguvu. Halojeni ya kawaida, yaani balbu ya uzi kama hizo nilizotaja, iko kwenye 3200K hivi, na balbu ya halojeni inayoonekana ya buluu imepakwa rangi inayochuja sehemu ya mwanga. Umelipa zaidi ili upate mwanga pungufu.

Sasa tuje kwenye mambo ya kufanya kabla ya kufungua pochi.

Kioo cha mbele cha taa nyingi za leo si kioo bali ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa vanishi ya kuikinga na jua. Vanishi ikichoka, plastiki inakuwa ya njano na yenye ukungu. Mwanga ukipita hapo unatawanyika: wewe huoni mbali, na anayekuja mbele anaumia macho. Piga msasa wa maji, anza na namba 800 au 1000 kutegemea uharibifu, panda 2000, malizia 3000, kisha polishi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokatisha kazi, paka vanishi mpya yenye kinga ya jua. Bila hiyo unjano unarudi baada ya miezi. Dawa ya meno inang'arisha juu juu tu, haikingi chochote. Kama ndani riflekta imebabuka na kupoteza mng'ao, hakuna balbu itakayosaidia. Badilisha taa nzima, wala usijaribu kuifuta riflekta kwa kitambaa, utauondoa utando wote wa kung'aa.

La pili ni umeme, na hili nalipenda kwa sababu linashangaza kila mtu. Washa injini, washa dimu, kisha pima volti kwenye betri. Gari lenye alteneta nzima litakupa karibu 14. Sasa pima nyuma ya soketi ya balbu, soketi ikiwa imechomekwa na taa inawaka. Kwenye magari yaliyozeeka utakuta kumepungua volti moja au zaidi, imeliwa na swichi iliyochakaa, waya mwembamba, au athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) iliyoshika kutu. Volti moja inaonekana ndogo. Lakini mwanga wa uzi hauteremki sawa na volti, unaporomoka kwa kasi zaidi: volti ikipungua kwa asilimia 10, unapoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Balbu hupimwa kiwandani kwa volti 13.2. Ukiipa 11.9, karibu theluthi ya mwanga uliolipia haupo.

Pima pande mbili kando kando. Weka mkono mmoja wa mita ya umeme kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye chanya ya soketi, usome upotevu. Kisha hasi ya betri na hasi ya soketi. Upande wowote ukizidi nusu volti, shughulika nao. Mara nyingi kukwangua kutu kwenye boliti ya athi kunatosha. Ikishindikana, funga rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi karibu kabisa na betri. Tahadhari moja: kama taa za gari lako zinaendeshwa na kompyuta, usiunganishe rilei kiholela, utaichanganya na inaweza kuungua.

La tatu ni mlengo. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa na upepo sahihi na swichi ya kushusha taa ikiwa kwenye 0. Taa ziwe mita 10 kutoka ukutani, kisha weka alama ukutani kwenye urefu wa katikati ya taa. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu kwa kawaida uwe chini ya alama hiyo kwa asilimia 1 hivi, yaani sentimita 10 kwa umbali huo. Taa nyingi zimeandikwa asilimia yake kwenye mwili wake, hiyo ndiyo ya kufuata. Na kama gari lilitengenezewa nchi zinazopita upande mwingine wa barabara, ukingo unapanda upande wa anayekuja, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Dawa ni taa za upande sahihi.

Ukishamaliza hayo na bado unataka zaidi, njia ninayoipendekeza kwanza ni halojeni ya daraja la juu, zile zilizoandikwa +100 au +150. Kuwa makini na namba hizo. Haimaanishi balbu inatoa mwanga mara mbili, maana lumeni zimewekewa mpaka na kanuni. Asilimia hizo hulinganishwa na kiwango cha chini kinachokubalika, kwenye sehemu fulani za barabara. Kilichobadilika ni uzi: ni mfupi, umesokotwa kwa usahihi zaidi, na gesi ndani imeongezewa shinikizo. Kwa hiyo mwanga unakusanyika vizuri na unafika mbali. Gharama yake ni maisha mafupi, kwa sababu uzi unawaka kwa joto kubwa zaidi. Mimi naona ni biashara ya haki kwa anayesafiri usiku.

Usiweke wati 100 kwenye taa ya wati 55. Soketi inayeyuka, waya unapata moto, riflekta inababuka. Na usiguse kioo cha balbu kwa vidole. Kioo cha kwatzi kinafanya kazi kwa joto la mamia ya nyuzijoto, na joto hilo linahitajika: ndani mna iodini au bromini inayoibeba tangsteni iliyovukizwa na kuirudisha kwenye uzi. Mafuta ya kidole yanaacha doa linalopata moto kupita kiasi, kioo kinadhoofika pale pale. Ukigusa, futa kwa spiriti kabla ya kuwasha.

LED za kuchomeka mahali pa halojeni ndizo zinazoniumiza kichwa. Uzi wa halojeni ni kijisilinda kinachotoa mwanga pande zote kukizunguka. LED ina vijitaa bapa upande huu na upande ule wa ubao, na ubao una unene. Riflekta inasubiri mwanga kutoka mahali pamoja, inaupata kutoka pengine. Kitakachofuata ni mwanga mweupe uliojaa karibu na bampa. Dereva anafurahi kwa sababu mbele pamekuwa peupe, kumbe weupe huo unayafanya macho yake yajikaze, na kule mbali anaona kidogo kuliko jana. Anayekuja mbele naye haoni kabisa. Usihukumu taa kwa lami iliyo mita kumi mbele ya gari. Tafuta nguzo au kibao mbali, uone unakitambua kuanzia wapi. LED nazo zinatoa joto lao nyuma, kwa hiyo zikibanwa ndani ya mfuniko zinafifia kadiri zinavyopata moto. Zipime baada ya nusu saa, si dakika ya kwanza.

Zipo chache zilizotengenezwa kwa uangalifu, vijitaa vikiwa vimekaa hasa palipokuwa na uzi. Ujerumani imeidhinisha kadhaa tangu 2020, lakini kila moja ina orodha yake ya magari, haitumiki nje ya hapo. Angalia sheria ya mahali ulipo.

Zenoni fupi tu: balbu ya D2S hutoa lumeni 3200 kwa wati 35, na huwashwa kwa volti zaidi ya 20,000, kwa hiyo usichezee balasti yake, kile kifaa kinachoipa umeme huo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka taa inayozidi lumeni 2000 iwe na kifaa cha kujilenga yenyewe na cha kuosha kioo. Kuibandika kwenye riflekta ya halojeni ni kumpofusha mwenzako.

Badilisha balbu mbili kwa pamoja, kisha rudi ukutani ukague mlengo upya, maana balbu mpya haikai sawasawa na ya zamani. Zile za zamani ambazo bado zinawaka zirudishe kwenye boksi lake, zikae kwenye gari kama akiba.