Diski kubwa haifupishi mwendo wa kusimama

Fundi akikwambia ufunge diski kubwa za breki mbele ili Corolla yako ya zamani isimame upesi, muulize: breki zilizopo zinaweza kuyakaba matairi mpaka yaache kuzunguka? Kama zinaweza, kinachokusimamisha ni mshiko wa tairi barabarani, na diski haiuongezi. Faida yake ni kuhimili joto, tuseme unateremka mlima Kitonga na mzigo. Tena kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) yenye pistoni kubwa hudai mafuta mengi ya breki, basi pedali huzama kuliko ulivyozoea. Na rimu ya inchi 13 (hili husahaulika mpaka gari liko juu ya jeki) huenda isiipokee diski kubwa. Mimi ningeanza na tairi nzuri, pedi, na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 hunyonya unyevu, na kiwango cha chini kinachotakiwa cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, 155 tu yakishanyonya.