Biblia ya Mafunzo Yenye Maelezo ya Mababa wa Kanisa: Dhana Potofu na Ukweli

Biblia ya mafunzo iliyojaa maelezo ya waandishi wa Kikristo wa karne za mwanzo ni hazina, nami naipenda. Ndiyo maana naumia nikiona mmoja anaikumbatia kwa sababu isiyo sahihi na mwingine anaikwepa kwa hofu isiyo na msingi. Kabla ya kuichagua, dhana kadhaa zinafaa kuondolewa njiani.

"Waliishi karibu na mitume, kwa hiyo hawakukosea."

Hii ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko zote, na nusu yake ni kweli. Ireneo, askofu wa Lyon, alimsikiliza Polikarpo alipokuwa kijana, na kwa ushuhuda wake Polikarpo alimfahamu mtume Yohana. Mnyororo mfupi namna hiyo unastahili heshima. Lakini Ireneo huyohuyo, akiandika dhidi ya wazushi mnamo mwaka 180, alishikilia kwamba Yesu alifundisha hadi akakaribia umri wa miaka hamsini. Aliegemea Yohana 8:57, pale Wayahudi wanapomwambia Yesu kuwa hajafikisha miaka hamsini, akaongeza kwamba wazee wa Asia walilipokea jambo hilo kwa Yohana mwenyewe. Kanisa halikumfuata katika hili.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, maana umegusa mafundisho. Fungua Warumi 5:12 katika Union Version: mauti iliwafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi". Augustino wa Hippo hakuwa hodari wa Kigiriki, lugha ambayo Paulo aliandikia barua hiyo. Alisoma kwa Kilatini, na Kilatini chake kilisema in quo, yaani "ambaye ndani yake" wote walifanya dhambi. Huyo "ambaye" akamwelewa kuwa ni Adamu, na fundisho lake la dhambi ya asili likapata hapo nguzo yake mojawapo kubwa. Yohane Krisostomo, mhubiri aliyekizungumza Kigiriki tangu utotoni mwake, aliutazama mstari huohuo kwa upande wa mauti: Adamu alipoanguka, hata wale ambao hawakula matunda ya mti ule wakawa watu wa kufa.

Mimi huanzia mstari huu ninapopima toleo lolote. Nikimkuta Augustino peke yake, bila mhariri kunidokeza kwamba alikuwa anasoma tafsiri, najua nitaachwa gizani kwingine pia. Wakiwekwa wote wawili kando kwa kando, na tofauti yao ikaelezwa, toleo hilo nitalisoma kwa moyo mkunjufu.

"Mababa walisema kwa sauti moja."

Katika mambo ya msingi ya imani walikaribiana sana. Katika kufasiri mistari, hapana. Walibishana, tena kwa ukali. Chukua ule mtango wa Yona 4:6. Yeronimo, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, alipotafsiri kitabu hicho kutoka Kiebrania alikiacha "kibuyu" kilichozoeleka katika Kilatini, akaweka mmea mwingine, mtambaa wa ukutani. Mwaka 403 Augustino alimwandikia kumweleza yaliyotokea Oea, mji unaoitwa Tripoli leo, nchini Libya. Askofu alisoma tafsiri hiyo mpya kanisani, waumini wakasikia neno ambalo si lile walilolijua tangu utoto, wakazua ghasia. Askofu alilazimika kurudi nyuma asije akabaki bila waumini. Yeronimo alijibu kwamba mmea wenyewe haukuwa na jina katika Kilatini. Wazee wawili wakubwa, barua zikisafiri kati ya Afrika Kaskazini na Bethlehemu, kwa ajili ya jina la mmea! Toleo linaloificha migongano ya namna hii linatunyima raha na elimu kwa pamoja.

"Nukuu iliyo chini ya mstari iliandikwa kuufafanua mstari huo."

Mara nyingi sivyo. Mhariri huchota sentensi mbili tatu kutoka kwenye barua, hotuba ya ubatizo au hoja dhidi ya wazushi, akazibandika pale zinapofaa. Si kosa, desturi ya kuunganisha nukuu kama mnyororo ina zaidi ya miaka elfu moja. Kosa ni kutotaja zilikotoka. Kila nukuu ibebe jina la mwandishi, jina la kazi, na sura au namba ya hotuba, ili msomaji aweze kwenda kusoma yaliyotangulia na yaliyofuata. Jina peke yake halitoshi. Kwa karne nyingi maelezo fulani ya Kilatini juu ya Mathayo yalisomwa kuwa ya Krisostomo, kumbe mwandishi wake alikuwa wa upande wa Waario, waliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba. Mhariri makini ataandika kwamba kazi hiyo ilihusishwa tu na Krisostomo.

"Hayo ni mambo ya Wakatoliki", na wakati mwingine, "ni ya Wazungu".

Luther alikuwa mtawa wa shirika la Waaugustino, Calvin alimnukuu Augustino kila mara, na Waorthodoksi humsoma Krisostomo hadi leo. Kuhusu Uzungu, Augustino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya sasa. Sipriani alikuwa askofu wa Karthago, katika Tunisia ya sasa, na Atanasi wa Aleksandria, Misri. Barua ya Atanasi ya mwaka 367 ndiyo ya kwanza tuliyo nayo inayoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo.

"Kila kitabu cha Biblia kina maelezo ya kutosha."

Zaburi, Mwanzo, Mathayo na Yohana zilihubiriwa sana. Kwenye Zaburi angalia namba, kwa sababu Mababa wengi walifuata hesabu ya Kigiriki: Zaburi yetu ya 23, ya Bwana ndiye mchungaji wangu, kwao ni ya 22, na mhariri asiyesahihisha atakupeleka penginepo. Marko ndiye aliyeachwa. Karne za mwanzo hazikutuachia juu yake chochote cha kulingana na hotuba 90 za Krisostomo juu ya Mathayo. Kwa hiyo ukiona kurasa za Marko zimejaa nukuu sawa na za Mathayo, soma rejea zake moja moja. Huenda nyingi zimetolewa katika hotuba hizohizo za Mathayo, na toleo la haki litakuwa limekuambia hivyo palepale.