Mikono Ijifunze Kabla ya Kumfikia Mgonjwa

Ukifika katika hospitali ya kaunti huku kwetu, iwe Siaya, Vihiga, Busia au Homa Bay, na uhitaji kushonwa jeraha au kujifungua kwa upasuaji usiku, yaelekea atakayekuhudumia ni daktari mchanga. Pengine ni mwanagenzi aliyetoka chuoni juzi, au daktari wa kawaida ambaye hajasomea ubingwa. Hilo pekee lisikutie hofu, kwa maana ndio wanaoibeba kazi hii mashinani, na wengi huifanya vizuri. Lakini una kila sababu ya kujiuliza mikono hiyo ilijifunzia wapi.

Kwa miaka mingi mafunzo ya upasuaji duniani yalifuata mtindo mmoja: tazama mkubwa wako akifanya, fanya mwenyewe, kisha mfundishe mwenzako. Maana yake ni kwamba makosa ya kwanza yaliangukia mwilini mwa mgonjwa. Hatuna sababu ya kuendelea hivyo, hasa tukikumbuka ukubwa wa mahitaji. Mwaka 2015, tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawapati upasuaji ulio salama na wanaoweza kuumudu wanapouhitaji, na kwamba operesheni milioni 143 zaidi zinahitajika kila mwaka.

Nikizungumza na wasimamizi wa hospitali kuhusu chumba cha mazoezi, yaani mahali pa daktari kujizoeza upasuaji kabla ya kumgusa mgonjwa, wengi huwazia mitambo ya mamilioni, kisha hukata tamaa kabla ya kuanza. Lakini si lazima iwe hivyo. Huko Toronto, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha wanafunzi wa udaktari waliojifunza kutoa jiwe katika mrija wa mkojo. Kundi moja lilitumia kifaa cha dola 3,700. Jingine lilitumia kifaa cha dola 20, kilichoundwa kwa kikombe, mirija ya kunywea soda na mpira. La tatu lilisikiliza somo tu. Waliofanya kwa mikono waliwashinda waliosikiliza, na kati ya kifaa ghali na kile rahisi haikuonekana tofauti ya maana.

Kwa hiyo vifaa vingi tunaweza kuvipata sokoni Kibuye, Kisumu, au kwenye bucha ya karibu.

Tunaanza na fundo. Uzi unafungwa kwenye mguu wa kiti, na mwanafunzi anafunga hadi vidole vizoee bila macho kuviongoza. Kuna fundo linalokaza na linaloteleza, na kwa asiyejua yanafanana kabisa. Mzunguko wa pili ukipita upande uleule wa wa kwanza, fundo huteleza. Ukipita upande wa kinyume, hukaa. Mshipa wa damu uliofungwa kwa fundo linaloteleza unaweza kufunguka saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa wodini na kila mtu akidhani kazi imekwisha.

Kisha ngozi. Mguu wa nguruwe ndio unaokaribia zaidi ngozi ya binadamu kwa unene na ugumu. Asiyetaka kuugusa kwa sababu ya dini yake atumie mguu wa mbuzi, na asilazimishwe kamwe. Mwambie mwenye bucha asiuchome manyoya, kwa sababu moto huikakamaza ngozi. Hapa mwanafunzi anajifunza kuingiza sindano ikiwa wima, kuchukua kina kilekile pande zote mbili, na kuzikutanisha kingo za jeraha bila kuzibana. Mshono uliovutwa mno huzuia damu kufika, na jeraha huchelewa kupona.

Utumbo wa mbuzi ambao haujachemshwa ndio mwalimu mkali kuliko wote. Unakatwa, ncha mbili zinaunganishwa, kisha maji yanasukumwa ndani kwa sirinji huku upande wa pili umebanwa. Pakivuja, utaona palepale ni kati ya mishono ipi. Tumboni mwa mtu, mvujo huo ungejulikana siku kadhaa baadaye kwa homa na tumbo kuvimba.

Kwa upasuaji wa matundu madogo, ambao vyombo huingizwa kupitia vitundu huku daktari akitazama kwenye skrini, boksi la katoni, simu inayopiga picha kutoka juu na taa vinatosha kuanzia. Ncha ya chombo huenda kulia mkono ukienda kushoto, na ubongo unahitaji muda kulizoea hilo. Kuhamisha maharagwe kutoka kibakuli kimoja hadi kingine ni zoezi zuri sana.

Tahadhari moja ambayo siwezi kuilegeza: vyombo vinavyogusa nyama ya mnyama viwekewe alama na visirudi thieta hata siku moja. Nyuzi zilizopita muda wake zinafaa kwa mazoezi, ila zitengwe kabisa na zile za wagonjwa. Sindano ziende kwenye boksi lake, na nyama iliyotumika isirudi jikoni.

Gharama halisi iko kwa mwalimu. Mtu akifanya mazoezi peke yake bila kusahihishwa, anakomaza kosa lake. Bingwa lazima awepo, atazame na kupima kwa vigezo vilivyoandikwa: namna anavyozishika tishu, miondoko isiyo ya lazima, mtiririko wa kazi. Na ratiba isambazwe. Mwaka 2006 watafiti, pia wa Toronto, walionyesha kuwa madaktari waliofunzwa kipindi kimoja kwa wiki kwa wiki nne walifanya vizuri zaidi, walipopimwa mwezi mmoja baadaye, kuliko waliopewa vipindi vyote kwa siku moja. Semina za siku moja zenye vyeti vizuri hazitutoshi.

Mguu wa nguruwe hautoki damu wala hauna presha inayoshuka. Kwa hiyo chumba cha mazoezi kinamwandaa daktari kuingia thieta chini ya msimamizi. Hakimwondoi msimamizi huyo. Wewe nawe, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu unayopendekezewa, manufaa na hatari zake, kabla ya kutia sahihi. Hali ikiruhusu, uliza pia ni nani atakayekupasua, ni nani anayemsimamia, na kama msimamizi huyo atakuwa ndani ya thieta au kwenye simu.