Kiluwiluwi hafanyi mageuzi

Juzijuzi nilikaa chini ya turubai kwenye mahafali ya mpwa wangu. Jua limepanda, soda zimeshapata joto, mgeni rasmi akasimama akawaambia wahitimu kwamba Darwin alitufundisha mageuzi, "kama kiwavi anavyofanya mageuzi akawa kipepeo." Makofi. Na mimi nilipiga, nisionekane mnoko. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu mwaka huu. Niliisikia redioni, nikaisoma kwenye kundi la wazazi, sasa imenifuata mpaka turubaini.

Maana zenyewe ni fupi. Kiwavi kuwa kipepeo, au kiluwiluwi kuwa chura, ni metamofosisi, neno la Kigiriki la kubadili umbo. Mnyama ni yuleyule mmoja, anaacha mwili wa utotoni na kuvaa wa ukubwani. Mageuko ni mambo ya ukoo: sifa za kurithi katika kundi la viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, na hakuna mnyama mmoja anayeyapitia maishani mwake.

Mmeona nimeandika mageuko, si mageuzi. Hapo ndipo panaponiwasha.

Kitu kikigeuka chenyewe, hayo ni mageuko. Kikigeuzwa na mtu, hayo ni mageuzi. Lori likipinduka Kitonga hakuna anayesema pametokea mapinduzi, ingawa pinduka na mapinduzi ni ndugu wa tumbo moja. Mapinduzi lazima yawe na waliopindua, na Zanzibar kila Januari 12 wanakumbukwa. Mageuzi nayo ni hivyohivyo. Tanzania iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, waliokuwa wakividai waliitwa wanamageuzi, na walijua wanachokitaka. Sasa uzito wote wa hoja ya Darwin ni kwamba huku kwa viumbe hakuna anayetaka kitu. Hakuna kamati wala mwenyekiti. Wapo wanaozaa wakabakiza uzao na wapo wasiobakiza, basi. Ukisema mageuzi, umeshamwingiza mtu mlango wa nyuma.

Najua vitabu vingi vimeandika "mageuzi ya viumbe", na walioviandika si wajinga. Sigombani nao. Nasema tu sikio langu linakataa.

Haki itendeke lakini, mgeni rasmi ana utetezi, tena mzito. Neno walilochukua Wazungu kwa jambo hili ni la Kilatini, evolutio, na asili yake ni kukunjua gombo: karatasi iliyoviringishwa unaifungua, maandishi yaliyokuwemo muda wote yanaonekana. Karne ya 18 Albrecht von Haller, tabibu wa Uswisi, alilitumia kwa kiinitete. Yeye na wenzake waliamini kwamba mnyama mzima yumo tayari ndani ya yai, mdogo kupindukia, na kukua ni kukunjuka tu. Kwa hiyo wakati ule neno lilikuwa la mnyama mmoja anayekua, si la ukoo! Darwin mwenyewe alipotoa kitabu chake cha asili ya spishi mwaka 1859 hakulitumia jina hilo, kwa Kiingereza evolution. Alipendelea kusema habari za uzao unaorithi huku ukibadilika. Kitenzi cha jina hilo, evolved, ndicho kilichofunga kitabu, kikiwa neno la mwisho kabisa, na jina likaja kuingia katika toleo la sita, mwaka 1872. Kumbe mzee wetu pale turubaini alikuwa anaongea sawasawa na Haller. Kachelewa kama miaka 250 tu.

Anayetaka kuona tofauti kwa macho asihangaike na vipepeo. Acha diaba la maji uani bila mfuniko. Baada ya siku chache utaona viluwiluwi (Kiswahili kimewapa jina hilohilo watoto wa chura na watoto wa mbu, na sioni ubaya). Hapa nasema wa mbu: wa aina ya kyuleksi wananing'inia kichwa chini, wa anofelesi, mbu wa malaria, wanalala sambamba na uso wa maji. Ukitikisa diaba wote wanazama wakijinyonganyonga. Kisha wanakuwa bundo, kitu kilichojikunja kama alama ya mkato, kinaogelea lakini hakili. Halafu ngozi inapasuka mgongoni, mbu anatoka, anasimama juu ya ganda lake kukausha mbawa. Kukiwa na joto, kazi yote huisha kwa wiki moja au mbili. Hiyo ni metamofosisi, na mbu huyo hajageuka spishi nyingine hata chembe.

Huyo mbu sasa aingie chumbani, atue kwenye chandarua chenye dawa. Wengi hufa. Wachache waliozaliwa na urithi tofauti kidogo huishi, hutaga, na watoto wao huurithi uhimili uleule. Miaka ikipita, sehemu nyingi za Afrika zimejaa anofelesi wasiotishwa na dawa zilizowaua bibi zao. Hayo ndiyo mageuko. Watu husema "mbu wameizoea dawa", na hilo nalo si kweli, maana hakuna mbu hata mmoja aliyeizoea. Wasioiweza walikufa, waliobaki ni wengine.

Mambo haya mawili hukutana pia, na pazuri pa kuyaona ni Kihansi, kwenye korongo la milima ya Udzungwa. Chura wa pale, mdogo hata kuliko kidole gumba, hatagi mayai majini. Mayai hubaki tumboni mwa mama na watoto huzaliwa wakiwa vyura kamili, wadogo mno. Hatua ya kiluwiluwi anayeogelea mtoni haipo. Metamofosisi yenyewe imegeuka: vizazi kwa vizazi, mzunguko wa maisha umehamishiwa tumboni. Chura huyu aliishi kwa manyunyu ya maporomoko, na bwawa la umeme lilipopunguza maji mwaka 2000, manyunyu yakapungua. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Walionusurika walikuwa wakilelewa Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Nimetoka nje ya mada, lakini chura huyu hunishinda.

Basi mzee wangu, kwenye mahafali yajayo mwache Darwin apumzike. Sema "kama kiwavi anavyogeuka kipepeo", kitenzi peke yake, bila mageuzi. Makofi yatakuwa yaleyale, na safari hii nitapiga kwa moyo.