Maonesho ya Picha Yakifika Dodoma, Njooni na Majina

Maonesho ya picha yanapofika mkoani, swali la kwanza mlangoni huwa hili: "Hizi ndizo zenyewe, au ni nakala?" Mtu akiambiwa kuwa nyingi ni nakala, unamwona anapoa, kana kwamba watu wa Dodoma wameletewa makombo ya Dar es Salaam. Swali ni zuri na linastahili jibu kamili.

Picha ya mnato ya zamani, zile nyeusi na nyeupe, kwa kawaida ni karatasi yenye utando mwembamba wa gelatini, na ndani ya gelatini hiyo mna chembechembe za madini ya fedha. Weusi wote unaouona ni fedha hiyo. Jasho la kidole kimoja linatosha kuanza kuiharibu, na doa linaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Mwanga nao hula karatasi na rangi polepole, na kilicholiwa hakirudi. Ndiyo maana kwa kazi za karatasi makumbusho nyingi duniani hufuata kiwango cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), na kwa michoro ya rangi za mafuta luksi 200 hivi. Jua la saa sita mchana hapa Dodoma linaweza kufika luksi 100,000. Kwa hiyo ukikuta taa za ukumbi zimefifishwa, ujue sisi tunaoandaa maonesho tumefanya hivyo kwa makusudi, na ndiyo sababu tunaomba fleshi ya simu izimwe.

Hapo ndipo nakala inapopata kazi yake. Picha yenyewe na negativu yake, yaani filamu iliyosafishiwa picha hiyo, hubaki stoo. Kinachosafiri ni picha iliyoskaniwa na kusafishwa upya kwa ajili ya safari. Nakala hiyo inaweza kukuzwa ikawa kubwa kama mlango, ikatundikwa kwenye ukumbi wa halmashauri au bwalo la shule, na watoto wakaisogelea hadi pua ziguse. Picha yenyewe isingeweza kupewa uhuru huo hata siku moja.

Wala hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1955 mpiga picha Edward Steichen aliandaa maonesho ya The Family of Man katika Museum of Modern Art, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, yenye picha 503. Zilisafishwa seti kadhaa zikazungushwa nchi nyingi, na watu zaidi ya milioni 9 wakaziona. Seti moja ya hizo zilizosafiri sasa inatunzwa Clervaux, Luxembourg, na mwaka 2003 iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Nakala ya safari imegeuka kuwa urithi wenyewe.

Michoro ya rangi ni habari nyingine, kwa sababu mara nyingi inayokuja ndiyo yenyewe. Chukua mchoro wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968: rangi ya kung'aa, ya kupakia vyuma na milango, juu ya hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Pembe za hadibodi humeguka kirahisi, na rangi hiyo ikipata joto ndani ya lori inaweza kugandana na nailoni iliyofungiwa. Kabla kasha halijafungwa, mhifadhi huzima taa na kumulika mchoro kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukiteleza juu ya uso wake. Kila ufa na kila kipande cha rangi kilichonyanyuka hutoa kivuli. Anavichora kwenye fomu, anavipiga picha, na kazi hiyohiyo hurudiwa kasha likifika Dodoma, fomu mbili zikiwekwa pamoja.

Kasha halifunguliwi siku linaposhushwa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu na ina vumbi. Mbao na karatasi hunywa unyevu na kuutoa, na zikibadilishiwa hewa ghafla hujikunja na kupasuka. Tunaliacha limefungwa angalau saa 24 ndani ya chumba kitakachotumika. Wenyeji wetu wenye ratiba ya ufunguzi na mgeni rasmi wa kupokea, tunaomba mtupe siku hiyo.

Kwa maoni yangu, maonesho yenye faida kubwa zaidi kwa mkoa huu ni ya kitu kisichoweza kusafiri kabisa: michoro ya miambani ya Kondoa. Ni maeneo zaidi ya 150 ya miamba yenye michoro, kwenye miteremko inayotazama nyika ya Wamasai, na yamo katika Urithi wa Dunia tangu 2006. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huko wakainakili mingi kwa mkono. Nakala za namna hiyo leo ni ushahidi: ukiziweka kando ya picha ya sasa ya mwamba uleule, unaona kilichopotea. Maji ya mvua, vumbi na mikono ya watu vimechangia, na pia wageni waliokuwa wakilowesha mchoro ili rangi ikolee kabla ya kupiga picha. Katika picha zetu utaona kijiti chenye alama za sentimita na kadi ndogo ya rangi pembeni mwa mchoro. Hivyo vimewekwa ili mtu wa miaka hamsini ijayo ajue ukubwa halisi na wekundu halisi wa siku ile. Na kwa kuwa Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo ya michoro, bado ni mahali pa matambiko, picha za pale hazitundikwi kabla wazee hawajashirikishwa.

Kilichobaki ni chenu. Picha nyingi za zamani za Ugogo na Usandawe zilipigwa na wageni: wamisionari, maofisa wa kikoloni, watu wa reli. Nyuma yake utakuta "wanawake wakicheza ngoma", basi. Mama wa Chamwino akisimama mbele ya picha kama hiyo anaziona ngoma zenye kiuno chembamba zilizobanwa katikati ya mapaja, anajua kuwa ni muheme, anajua inahusu jando na unyago, na huenda anamtambua mpigaji. Pale ukumbini huwa kuna daftari na penseli kwa ajili ya mama huyo. Anachoeleza huingizwa kwenye kumbukumbu ya picha pamoja na jina lake, kama ameridhia. Akikuta ndugu yake ameoneshwa kwa namna ya kumvunjia heshima, aseme pia; picha inaweza kuondolewa.

Mwalimu mkuu au mtendaji wa kata anayetaka kupokea maonesho aandae chumba chenye paa lisilovuja, mlango wa kufungwa kwa kufuli, pazia madirishani na mlinzi wa usiku.

Na kama una picha za wazee wako nyumbani, andika majina nyuma, pembezoni, kwa penseli laini, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu na safi. Peni ya wino hupenya ikatokea upande wa pili. Usiilamineti. Iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue; ilete hivyohivyo ilivyo, tuiskani ikiwa ndani ya kioo chake.